Sentimita Thelathini

2 Machi
Daftari la kazini ni la serikali, na huandikwa namba tu. Hili ni langu, na humu nitaandika yaliyobaki.

Nimerudi kazini leo baada ya likizo ya miezi miwili niliyoitumia kumuuguza mama, kisha kumzika. Kwa kuwa daftari ni jipya, nianze kwa kueleza kazi, nisije nikalisoma uzeeni nikajiona kichaa. Mto huu ni mpaka. Upande wetu zipo nguzo mbili za mbao zenye alama za sentimita. Ile fupi imesimama chini kabisa na inasomwa kutoka sifuri hadi mia. Maji yakiipita kichwa, nahamia kwenye nguzo ndefu, iliyo juu kidogo ukingoni, ambayo inaanzia mia. Ng'ambo nao wana mbili kama zetu. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi mimi nasoma yangu, msomaji wa ng'ambo anasoma yake, tunaitana juu ya maji, na kila mmoja anaandika namba zote mbili. Kwa miaka kumi na moja hazijapishana zaidi ya sentimita mbili.

Huyo mwenzangu simjui jina wala sura. Najua kofia yake pana na sauti yake. Ananiita shemeji, eti kama si huu mto angekuwa ameshaoa kwetu. Mimi namwita Kofia.

"Pole na msiba, shemeji! Sitini na nne!"

"Nimeshapoa! Sitini na nne!"

Nguzo ndefu ni mpya. Ya zamani ilioza mguu, na nilipokuwa likizo Mkuu wa ofisi ya maji alimpa kazi baba mkwe wangu, ambaye ni seremala. Ameipaka rangi nyeupe na namba nyeusi, utadhani bibi harusi. Nimekaa kwenye lile jiwe la saruji ukingoni, ninapokaa siku zote, nikanywa chai yangu na kuitazama. Imependeza.

5 Machi
Manyunyu. 71, 71.

7 Machi
88, 88. Mawingu yamejaa huko juu mtoni.

9 Machi
Mvua ya usiku kucha. Nguzo fupi imezama. Nimesoma ndefu: 108. Nikapiga kelele. Kofia akajibu: "Mia na thelathini na nane!"

Nikadhani upepo umeniharibia namba. Nikamwambia arudie. Akarudia ile ile.

"Kofia, umelala vizuri?"

"Mimi nimelala, shemeji. Wewe osha uso!"

Nimeosha. 108.

10 Machi
111. Yeye kasema 141. Hakutania leo.

11 Machi
Nimeanza kuelewa, au nadhani naelewa. Bwawa kubwa la huko juu ni lao. Mkataba unasema kwamba Machi na Aprili, mvua kubwa zikishaanza, wasiyazuie maji hadi yawe chini ya 120 hapa kwetu, maana mashamba yetu yote ya bondeni yanayategemea. Kwa hesabu yangu maji hayatoshi. Kwa hesabu ya Kofia yanatosha na kubaki. Nani mwenye sababu ya kuongeza namba? Si mimi.

Miaka kumi na moja mtu ananiita shemeji. Labda alikuwa ananilainisha.

12 Machi
115 na 145. Nimepeleka taarifa kwa Mkuu. Aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa.

"Una hakika na macho yako?"

"Nina hakika, Mkuu."

"Basi endelea kuandika hivyo hivyo. Na usimwambie mtu."

Sijamwona akifurahi namna ile tangu apewe kiti kinachozunguka.

14 Machi
Nilimwambia mume wangu tu. Nyumba yetu na ya baba mkwe zinatenganishwa na ukuta mmoja, kwa hiyo nilikuwa nimewaambia wote wawili. Baba mkwe aliingia na kikombe chake mkononi.

"Nilijua! Watu wale ukiwapa mkono wanachukua kiwiko. Maneno hayatoshi. Wahenga walisema, amani haiji ila kwa ncha ya upanga."

Mume wangu ni dereva wa lori. Watu wote wanamwita Gia. Pia ni askari wa akiba. Kila mwaka huenda kambini wiki mbili na kurudi amekonda.

"Baba," akasema, "huo upanga nani ataubeba? Mimi au wahenga?"

"Utaubeba wewe kama mwanamume."

"Haya. Na wewe utanifuata nyuma na randa, ukinilainishia njia?"

Baba mkwe alicheka hadi chai ikammwagikia. Kisha akasema, bila kucheka, kwamba kuna ugomvi usiokwisha mpaka mmoja aanguke, na kwamba kitu kinachogawanywa kwa maneno hugawanywa tena kesho yake. Nilitaka Gia ambishie. Nilipomtazama niliona anawaza, na hilo halikunipendeza.

17 Machi
112, 142.

18 Machi
110, 140. Kofia aliita namba, akageuka akaondoka. Mtu asiye na hatia angebaki kubisha.

20 Machi
Redio imesema. Msemaji wa serikali ameeleza kwamba majirani wanatuibia "sentimita thelathini za maji kila siku ya Mungu," na kwamba uvumilivu una mwisho. Muuza duka aliniwekea sabuni mkononi huku akitabasamu: "Hongera. Si ni wewe uliyewakamata?"

Ile ni namba yangu. Niliiandika kwa kalamu yangu ya buluu. Sasa inasemwa na mtu mwenye sauti nzito ambaye hajawahi kulowa miguu hapa.

22 Machi
Tumekatazwa kuitana. Askari wetu mmoja amewekwa kwenye nguzo, na ng'ambo wameweka wao. Saa kumi na mbili Kofia alisimama mahali pake akavua kofia, akaiweka kifuani, akaivaa tena. Niligeuza uso.

Baadaye nilijiuliza: ile ilikuwa salamu au ishara? Kwa nani? Askari wetu naye aliniuliza hivyo hivyo. Nikamwambia sijui, na akaniandika jina.

25 Machi
Barua ya Gia imefika. Ana siku kumi. Tarehe nne Aprili aripoti na lori lake, atabeba askari na vyakula vyao hadi kambi ya mpakani.

Aliikunja mara nne akaitia mfuko wa shati. Akatoa begi lake la kijani juu ya kabati, akalipangusa vumbi, akaliweka nyuma ya mlango wa chumbani. Ukutani upande wa pili randa ya baba mkwe ilikuwa inakwenda, krr, krr, kisha ikanyamaza.

27 Machi
Nimekaa na daftari la kazini nikaziangalia namba tulizoitana kabla hatujakatazwa. 108 na 138. 111 na 141. 115 na 145. 112 na 142. 110 na 140. Nimezipitia zote kumi na tatu. Tofauti ni thelathini. Hakuna hata siku moja ya ishirini na tisa.

Mwizi gani huyu anayeiba kwa rula? Mtu akitunga uongo, leo atazidisha na kesho atapunguza, na siku nyingine atasahau. Uongo wa kila alfajiri, kwenye mvua, bila kupungua wala kuongezeka, umenishinda.

Sasa simshuku Kofia peke yake. Nashuku macho yangu, na nguzo, na furaha ya Mkuu. Nilimwendea nikamuuliza kama aliikagua nguzo mpya baada ya kusimikwa.

"Nilisaini karatasi ya ukaguzi," akasema.

"Ulishuka hadi mtoni?"

Akatazama viatu vyake. Mimi pia nikavitazama. Havijawahi kuona tope.

"Nguzo ni nguzo," akasema. "Nenda kazini."

29 Machi
Jua. Siku ya tatu bila mvua. 104.

30 Machi
Jua. 102.

1 Aprili
Leo limetokea ambalo sijawahi kuliona. Maji yameshuka hadi yakaachana na mguu wa nguzo ndefu. Ndefu iko nje, kavu. Nikaitafuta fupi: haipo, bado imezama. Kuna maji mengi tu mbele yangu, na hakuna nguzo ya kuyasoma.

Hilo haliwezekani. Ndefu inapoanza ndipo fupi inapoishia. Ndefu ikikauka, kichwa cha fupi lazima kiwe kimeshachungulia. Nilivua viatu nikaingia, na askari akapiga kelele kwamba nirudi. Nikamwambia anipige risasi au anishikie shali. Akashika shali. Nilipapasa kwa mguu hadi nikakipata kichwa cha nguzo fupi, nikakitilia fimbo yangu ya kupimia. Kuanzia hapo hadi usoni mwa maji ni sentimita ishirini na nane. Yaani maji yako 128. Yanatosha. Yalikuwa yanatosha siku zote.

Nikarudi kwenye nguzo ndefu nikafukua tope mguuni kwa mikono. Nimekuta saruji. Matofali mawili yamelazwa, moja juu ya jingine, kila moja unene wa sentimita kumi na tano, na nguzo imesimamishwa juu yake kama sanamu.

Nilikuwa bado nimechuchumaa pale gari la ofisi lilipofika. Mkuu hakushuka hadi chini. Alimtuma mpiga picha, ambaye aliniomba nisogee, akapiga picha ya nguzo kavu. "Safi sana," akasema. "Maji hayafiki hata nguzoni!"

Baba mkwe nilimkuta karakanani.

"Baba, ile nguzo uliiweka juu ya matofali?"

"Kwa hiyo niiweke kwenye tope? Ya zamani si ilioza mguu? Mbao inayogusa tope haina maisha, mwanangu. Ile itakaa hadi wajukuu wa wajukuu." Alijigamba kabisa. Alikuwa ananingoja nimsifu.

"Namba ulizipandisha na nguzo, Baba. Ulipoiinua thelathini, na mia moja ikapanda thelathini."

Aliweka patasi chini. Nilimwona anapiga hesabu, kisha nikamwona anaifuta.

"Unasema vita hivi nimevileta mimi?"

"Nasema tuwaambie wapime."

"Unataka niitwe msaliti mtaa mzima? Nani aliyekufundisha maneno haya? Yule wa ng'ambo anayekuita shemeji?"

Alijua hilo. Basi kumbe mtaa mzima wanajua, na wameshalipatia maana yao.

2 Aprili
Mkuu alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akafunga mlango.

"Namba ikishasemwa na wakubwa si yako tena. Utasoma nguzo kama ilivyo."

"Na kama imekosewa?"

"Kama ilivyo. Na hilo daftari la kazini liache hapa."

Nimeliacha. Hajui kuna hili.

3 Aprili
Mawingu. Gia ananyoa. Sijamwambia. Naogopa akijua atakwenda akiwa mzito, na mtu mzito hukwepa polepole.

4 Aprili
Nilimwambia akiwa ameshika usukani, mlango wa lori uko wazi. Haikuwa busara, lakini mdomo haukunitii. Alisikiliza huku akifuta kioo kilichokuwa safi.

"Matofali mawili," akasema.

"Mawili."

"Nikiwaambia wenzangu tunakwenda kupigania matofali mawili, nusu watacheka na nusu watanifunga." Akakunja kitambaa. "Lakini nikwambie kitu, mke wangu. Namba yako ni njiti ya kiberiti tu. Kuni zilikuwepo. Ungewapa 138 wangetafuta njiti nyingine."

"Basi angalau wasiwashe kwa njiti yangu."

Alinitazama kama ninavyoitazama nguzo asubuhi, akirudia mara mbili. "Hapo umesema," akasema. Akawasha injini. Baba mkwe alikuwa amesimama kizingitini mwake akipunga mkono, na kwa mara ya kwanza hakuwa na methali.

5 Aprili
Mvua imerudi. Baba mkwe hajala. Karakana imefungwa.

6 Aprili
Nimeandika haya nikiwa nimerudi nyumbani.

Saa kumi na mbili mvua ilikuwa nyepesi. Kofia alikuwa mahali pake, askari wao pembeni yake. Nilisoma nguzo: 109. Nikavuta pumzi yote niliyo nayo.

"Kofia! Ongeza thelathini! Nguzo yetu imeinuliwa kwa matofali! Mia na thelathini na tisa! Unasikia? Ulikuwa sahihi!"

Askari wetu alinidaka mkono, na shali ikaanguka majini. Niliendelea kupiga kelele hadi akaniziba mdomo, masikini, huku akisema, "Mama, nyamaza, mama, utaniponza." Kofia alikuwa ameinama. Nilidhani amenigeuzia uso kama nilivyomgeuzia yangu. Kisha nikaona anaandika.

Nilipelekwa ofisini. Mkuu alikuwapo na kapteni wa jeshi, mwanamke mfupi mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Mkuu alizungumza muda mrefu: kuwasiliana na adui, kutoa siri, huzuni ya msiba imeniharibu akili. Nilisikia maisha yangu yanasomwa, na kila neno lilikuwa karibu na ukweli, limeinuliwa kidogo tu.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Baba mkwe. Amelowa hadi kiunoni, begani ana ule mpira wake mwembamba unaoonyesha maji ndani, wa kupimia usawa wa milango na kuta.

"Nani amekuruhusu?" Mkuu akauliza.

"Wewe uliniruhusu kusimika nguzo, basi na kuipima nimejiruhusu mwenyewe." Akanigeukia. "Sikukuamini, mwanangu. Nilisema huyu anamtetea mtu wake. Nikaenda kupima mwenyewe asubuhi hii, walipokuondoa pale, ili nije nikusute. Lile jiwe unalokalia kunywa chai, unajua ni nini?"

"Jiwe, Baba."

"Ni alama ya wapimaji wa zamani. Ukikwangua kuvu kuna namba, mia mbili. Linatakiwa liwe sawa na mia mbili ya nguzo. Nimevuta mpira kutoka jiweni hadi nguzoni. Maji ya mpirani yamesimama kwenye mia na sabini ya nguzo." Akamgeukia kapteni. "Nimekosea mimi. Nilitaka mbao isioze. Mwanangu ameondoka na lori juzi."

Kapteni aliuchukua ule mpira akaushika juu dirishani, ncha moja mkono huu na nyingine mkono huu, akainua mmoja na kushusha mwingine. Maji yalibaki sawa pande zote mbili. Alirudia mara tatu kama mtoto.

"Ni nani mwingine anayejua?" akaniuliza.

Nililitilia shaka swali lake. Lilikuwa swali la mtu anayetaka kujua ni midomo mingapi ya kufunga.

"Ng'ambo nzima wanajua, Afande," nikasema. "Nilipiga kelele."

Akafumba macho yake mekundu. Nadhani, sina hakika, nadhani alitaka kucheka.

8 Aprili
Nimerudishiwa daftari la kazini. Hakuna aliyesema kwa nini.

12 Aprili
Wamekuja na boti, watu wanne wa kwao, wetu wanne. Wamepima kwa mpira wa baba mkwe, kisha kwa mpira wao, kisha kwa chombo cha miguu mitatu kwa sababu hakuna aliyeamini mpira wa mwenzake. Vyote vimesema thelathini. Kazi nzima imechukua saa moja na robo, pamoja na kubishana.

Kofia alikuwa wa mwisho kushuka kwenye boti. Ni mzee kuliko sauti yake. Hana kofia.

"Iko wapi?"

"Wameichukua. Walisema natumia kofia kukupa ishara." Akacheka na nikaona meno mawili hayapo, sikuuliza tangu lini. "Walinifungia siku tano baada ya kelele zako, shemeji. Walisema haiwezekani wewe uone 108 na mimi 138, kwa hiyo mmoja wetu amenunuliwa, na kwa kuwa wewe hawakufikii, basi ni mimi."

"Mimi nilisema ni wewe tangu siku ya tatu."

"Mimi nilikusema siku ya kwanza," akasema.

14 Aprili
Baba mkwe amevunja matofali kwa mtaimbo, peke yake. Alikataa msaada. Nguzo imeteremka ikasimama kwenye tope. "Itaoza," alisema, mara nyingi.

15 Aprili
Tumeruhusiwa kuitana tena. 144, 144.

22 Aprili
151, 151. Redio haikutaja maji. Imetaja fungu la mchanga katikati ya mto, na kuuliza ni la nani. Nimelitazama leo. Lina ukubwa wa uwanja wa shule, na mvua ikikaza halipo kabisa.

Gia alisema watatafuta njiti nyingine.

30 Aprili
149, 149. Gia bado kambini. Amepiga simu: wanakula, wanalala, wanasubiri, hawajui wanasubiri nini.

9 Mei
Amerudi. Hajafukuzwa wala hajaruhusiwa kabisa. Wamewaambia wakae karibu na simu. Amekonda. Aliweka begi nyuma ya mlango, na nilipotaka kulifungua nifue, akasema, "Liache tu."

Jioni baba mkwe alikuja na kikombe chake. Nilingoja nione kama atasema. Akasema: "Bado nashikilia. Kuna siku upanga unahitajika." Akanywa. "Lakini wapime kwanza."

"Wapime mara ngapi, Baba?" Gia akauliza.

Mzee akafikiri kweli kweli. "Mpaka wachoke," akasema.

12 Mei
Nimejiwekea utaratibu ambao sijamwambia mtu. Kila siku namba zikilingana, natoa kitu kimoja ndani ya begi nakirudisha kabatini. Leo 137, 137. Taulo.

13 Mei
135, 136. Moja si kitu, Kofia mwenyewe alisema ni wimbi. Sikutoa chochote.

14 Mei
134, 134. Soksi, jozi moja.

18 Mei
130, 130. Kofia ana kofia mpya, nyekundu. Nilimwambia anaonekana kama jogoo. Akawika, na askari wa pande zote mbili wakageuka.

Gia amefungua kabati na kuikuta sweta yake. Aliitazama, akanitazama, akafunga kabati.

21 Mei
Mvua zinaisha. Kofia aliita kabla sijainama: 126. Nilisoma yangu. Nikasoma tena, kama ninavyofanya siku hizi, nikihesabu mistari kwa kidole, maana sitaacha kumshuku, na yeye najua anarudia kusoma kwa sababu yangu.

126.

Nimetoa shati. Buti bado.